Herufi A na Mlinzi wa Mchezo

Hakuna lugha inayotafuna herufi A kama Kiswahili. Mimi huchapa barua za watu hapa Msambweni, na baada ya miaka ya "kwa heshima na taadhima", kitufe cha A cha laptopu yangu kilikufa. Fundi wa Ukunda alisema kibodi nzima ibadilishwe. Kwa herufi moja? Nilitafuta kiprogramu kidogo cha kuifanya Q iandike A, maana Q yenyewe sijaihitaji tangu nizaliwe.

Laptopu hiyo hiyo ndiyo ninayochezea mchezo wa vita na kaka yangu, aliyeko Doha mwaka wa sita sasa. Simu zetu huisha haraka kwa "haya, msalimie mama". Kwenye mchezo, kila Ijumaa, ndiko tunakocheka na kutukanana mpaka tunakuwa ndugu tena.

Basi mchezo ukaleta mlinzi, programu ya kunasa wadanganyifu. Nikasoma masharti: anakaa kwenye kiini cha kompyuta, anaamka kabla ya programu nyingine, anaona kila kitu. Nilighadhibika. Humo mlikuwa na barua za wateja, mke anayedai talaka, mzee anayegombania shamba na nduguye, na huyu anaingia bila hodi! Nikahamishia barua zote kwenye flashi, nikabonyeza "Ninakubali" huku nikimlaani.

Siku ya kwanza tu akaigundua Q yangu inayojifanya A. Nikafungiwa: mdanganyifu. Mimi, ninayekufa wa kwanza kila mechi! Kaka alipiga simu, akacheka hadi akakohoa.

"Sasa Ijumaa nitacheza na nani?" akauliza. Hapo niliumia kweli.

Niliruhusiwa kukata rufaa, sharti nikifute kiprogramu kwanza. Nikakifuta, ndipo nikang'amua kwamba sasa sina A ya kujitetea. Nikaandika nilichoweza: "Mimi si mwizi. Kitufe kibovu." Sijui wenye mchezo waliitafsiri vipi, lakini walinifungulia.

Ijumaa nikaingia. Kwenye mchezo A ndiyo ya kwenda kushoto, kwa hiyo nikitaka kushoto ilinibidi nizunguke kulia mpaka nifike. Wakati nimesimama nikingoja kuuawa, nikamwamkia kaka kwa maandishi: "Shikmoo kk."

Kaka, mwenye kibodi mpya isiyokosa hata herufi moja, akajibu: "Mrhb."