Kengele ya Jumamosi

Mpiga kengele wa kanisa letu hapa kisiwani Savai'i hugonga mtungi mtupu wa gesi ulioning'inia kwenye mshelisheli, kisha huukumbatia kwa viganja vyake vyenye sugu mpaka utulie. Tangu mdogo wake ahamie kwa Wasabato, ibadani huketi akiacha nafasi ya mtu mmoja kando yake. Jumamosi iliyopita asubuhi tukausikia mtungi.

"Mzee, umechanganya siku!" jirani yangu Lagi akamcheka. "Leo ni zamu ya wale!"

"Wanakwenda kwa Bwana yuleyule, na kengele hawana."

Alikuwa amevaa nguo zake nyeupe za ibada. Mdogo wake akapita na Biblia kwapani, asigeuke. Mzee akagonga mpaka mgongo ule ukapotea kwenye kona. Safari hii hakuukumbatia mtungi, aliuacha uvume.