Kode ya Yaya

Maman yangu anaimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia, na hawezi kuangalia kuku akichinjwa. Kwa hiyo hakuna mtu nyumbani aliyeelewa kwa nini tele ya sebuleni ilianza kumpendekezea filamu za vita.

"Angalia hii," aliniambia siku moja, akiinyooshea tele rimoti kama vile imemtukana. "Inasema: kwa sababu ulipenda. Mi nilipenda nini? Huyu mwanaume iko na bunduki mbili. Nilimupendea wapi?"

Nikacheka. Mimi hucheka haraka, ndivyo nilivyo. Lakini kicheko kile nilikikata haraka, kwa sababu katika nyumba yetu yote ya mtaa wa Nyalukemba ni mimi peke yangu niliyejua nani alikuwa anaangalia vita kwa sura ya maman.

Nieleze vizuri. Tulikuwa na abonema ya filamu, ile ya kulipia kila mwezi. Aliyeilipa ni yaya, kaka yangu mkubwa, ambaye anafanya kazi ya ofisi katika biro moja na ana kadi ya benki. Ukiwasha tele, inakuuliza nani anatazama, na kuna nyuso nne za kuchagua: ya yaya, ya mke wake, ya watoto wao, na ya maman. Mimi sikuwa na sura yangu. Niliacha masomo katika darasa la tatu la sekondari, ninashona nguo kwenye baraza, na filamu zangu niliziangalia kwa sura ya watoto. Sikulalamika. Nazijua filamu zote za wanyama wanaosema.

Kabla ya abonema, kuangalia filamu ilikuwa ni kushuka kwa tonton. Tonton ni mjomba wangu, mdogo wake maman. Sinema yake ni chumba kirefu cha mbao chini ya mteremko wetu, na mabenchi yake aliyanunua wakati parokia ilipopata mapya. Bado yana zile mbao za kupigia magoti; watu huwekea miguu hapo. Maman hakuwahi kuingia. Alisema magoti yake yatajikunja yenyewe, na mbele ya filamu ni aibu.

Tonton haonyeshi tu filamu. Anaisimamisha. Mtu akiwa karibu kufanya jambo kubwa, tonton anabonyeza, picha inaganda, anatueleza kwa Kiswahili na Mashi kidogo mambo yalivyo, kisha anauliza: munasemaje? Watu wanabishana mpaka watosheke. Ndipo anaachilia. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba filamu inatusubiri tukubaliane.

Kisha abonema zikaja, kwetu na kwa majirani, na waliokosa wakakaa kwa wenye nazo. Mabenchi ya tonton yakabaki matupu. Mtu mmoja anayeuza simenti alianza kupita pale akipima chumba kwa hatua zake, anataka kukipanga kiwe depo, ghala lake.

Siku moja tonton alikuja kukaa kando ya mashine yangu. "Mutoto wa dada yangu," akasema, "batu banasema filamu zangu ziko za zamani. Kila nikileta moja, walishaiona mu telefone." Hakuniomba kitu. Alikuwa anazungusha tu kipande cha kitambaa kati ya vidole vyake. Kama angeomba labda ningekataa. Nilichukua kile kitambaa mkononi mwake nikamwandikia kode ya yaya, neno la siri la kufungulia abonema, kwa chaki ya kushonea. Nikamwambia atumie sura ya maman, kwa sababu maman huwa anaangalia misa na mapishi, hatajua.

Baadaye bei ya abonema ikapanda, ikapanda tena. Majirani wakaziacha moja moja. Wakaanza kurudi kwa tonton, na tonton alikuwa na filamu mpya kabisa, kwa kode yetu. Hapo ndipo kichwa changu kilianza kuzunguka. Kitu kile kile kilichomwaga watu wa tonton ndicho kilikuwa kinamrudishia, na aliyekilipa ni yaya, asiyejua. Nilijaribu kuungama. Padri aliniuliza kama niliiba. Nikasema hapana, padri, kode bado iko kwetu. Akauliza kama nilisema uongo. Nikasema hakuna aliyeniuliza. Akanipa rozari moja, lakini nadhani naye alikuwa amechanganyikiwa.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulikuwa mezani. Yaya aliweka telefone kando ya sahani ya samaki wadogo, sambaza.

"Bameongeza tena bei," alisema. "Na banasema kode yetu inatumika fasi ingine. Abonema ni ya batu ba nyumba moja tu."

"Nyumba moja ni nani na nani?" maman akauliza.

"Wenye kulala hapa, maman."

"Ile wiki nilikuwa Kavumu kwa matanga, nilitoka mu nyumba?"

"Hapana, maman."

"Na dada yako mwenye iko Minova, ule si wa nyumba hii?"

"Kwa sisi, ndiyo. Kwa bale, hapana."

"Bale balizaliwa na nani," alisema maman, akajiongezea majani ya sombe.

Yaya akamwangalia mke wake, ambaye ana ndugu wengi mjini. "Usiniangalie mi," akasema yule. "Bangu banaangaliaka mupira tu."

"Basi nikimaliza kula nabadilisha kode," yaya alisema. "Mwenye anatumia atajijulisha yeye mwenyewe."

Nilisema ninapeleka sketi ya mteja. Sketi ilikuwepo kweli. Nilishuka mteremko mbio, nayo kichwani.

Kwa tonton mabenchi yote yalikuwa yamejaa. Filamu ilikuwa ya mwanamke anayemtafuta mtoto wake katika nchi ya barafu, na sasa mwanaume asiyemjua alikuwa anagonga mlango wake. Tonton alikuwa amesimamisha.

"Munasemaje? Afungue ao asifungue?"

"Asifungue," alisema papa mmoja, mzee wa benchi la nyuma. "Ule mwanaume iko na viatu visafi, na inje ni tope. Anatoka wapi?"

"We papa unaangaliaka viatu tu," akajibu maman mmoja anayeuza makala, makaa ya kupikia. "Angalia macho. Iko na njaa."

"Na we njaa utaionea wapi? Unaangaliaka bwana za watu."

Watu wakacheka. Nilimvuta tonton mkono, akaniambia nisubiri kidogo, akaachilia. Mlango ukaanza kufunguka. Kisha skrini ikawa nyeupe, na maneno yakatokea: ingiza kode.

Tonton alitoa kitambaa changu mfukoni. Akaandika mara moja, akaandika mara ya pili. Ilikataa.

"Yaya ameibadilisha," nikamnong'oneza. "Nilikuja kukuambia."

Aliwaangalia wale watu. Najua alifikiria yule wa simenti, kwa sababu mimi pia nilimfikiria. Wakienda leo na nusu ya filamu, nani atarudi kesho? Akaweka rimoti chini, akasimama mbele ya weupe ule.

"Mulango ulifunguka," akasema.

Alisimulia iliyobaki. Hakuwa ameiona hata siku moja, nilijua. Alisema viatu vya yule mwanaume ni visafi kwa sababu alitembea tope lote na kambambili, ndala zake, na viatu alivibeba mkononi, akavivaa mlangoni, kwa heshima ya habari aliyoileta. Chumba kizima kikaguna kwa kukubali. Nani kati yetu hajavaa viatu mlangoni kwa kanisa wakati wa mvua? Hata papa wa viatu alisema, "Sasa naelewa."

Hapo ndipo maman aliingia na kitenge chake cha misa, yaya nyuma yake. Maman alikuwa ameelewa mwenyewe, pale mezani. "Mwenye anaangalia vita kwa sura yangu ni mutoto wa mama yangu," alimwambia yaya. "Tangu utoto alipendaka kupigana." Alikuja kumgombeza. Lakini watu walisogea kumpa nafasi, wakimweleza filamu ilipofikia, naye kabla ya kukaa akapiga goti kidogo, kama kanisani, kisha akakasirika kwamba alipiga.

"Na ule mutoto, alipatikana?" akauliza.

"Dada, sijafika hapo."

"Fika."

Filamu ilipoisha, namaanisha tonton alipoisha, nilimwendea yaya. "Kode ni mi nilimupa," nikasema.

"Juu ya nini hukuniomba?"

"Ungekataa."

"Ningekataa," akakubali. Akamgeukia tonton. "Tonton, siwezi kulipia nyumba mbili. Bei imepanda sana."

"Acha," tonton akasema. "Chumba mi nitampa mutu wa simenti."

Yaya alikuwa anamwangalia maman, aliyebaki kwenye benchi akibishana na muuza makala kama yule mwanamke alifanya vizuri kumfungulia mwanaume asiyemjua. Kule nyumbani sijawahi kumwona maman akimaliza filamu; hulala mapema na rimoti mkononi. Yaya mwenyewe hulala kabla yake.

"Banataka nyumba moja," alisema mwishoni. "Basi tuwape moja." Akachukua rimoti, akaingiza kode mpya, na tele ya tonton ilipouliza kama hapa ndipo nyumbani, akabonyeza ndiyo: tangu hapo, kwa abonema, nyumba yetu ni sinema ya tonton. Tonton humrudishia sehemu ya bei, na sisi Jumapili tunashuka wote. Maman anapiga goti, hakasiriki tena.

Filamu ile tuliiangalia mpaka mwisho wiki iliyofuata. Viatu havikuelezwa hata kidogo. Watu walisema waliotengeneza filamu walisahau.

Mimi bado sielewi vizuri kama nilifanya vibaya. Niko kwenye baraza, ninashona, maman anatwanga sombe nyuma ya ukuta, nafungua telefone nipate kitu kidogo cha kuangalia, na inaniandikia: inaonekana uko mbali na nyumbani. Naangalia mashine yangu. Naangalia mlango wetu. Kuna vifungo viwili tu: kimoja cha kusema niko safarini, kingine cha kusema baadaye.

Kila siku nabonyeza baadaye.