Kidonda Kisichouma

Naitwa Mwanaidi, mkulima wa mananasi hapa Kiwangwa. Nayasema haya kwa idhini ya mume wangu, Salumu, maana ni yake pia.

Nilikuwa mzima wa afya. Alfajiri nikishaswali naingia shambani, adhuhuri nimerudi na kupika. Ugonjwa niliujua wa malaria tu. Tulikuwa na mtoto mmoja, Zuhura, tunamwomba Mungu wa pili.

Siku moja nikioga niligusa kitu ukeni, pembeni. Kilikuwa kidonda kidogo, mviringo, kigumu kama kifungo. Hakikuuma wala hakikutoa usaha. Kama kingeniuma ningekwenda hospitali, lakini hakikuuma, na mimi niliona haya. Baada ya wiki chache kilipotea chenyewe. Nikashukuru, nikasahau.

Haikupita miezi miwili, nikatokwa na madoa viganjani na kwenye nyayo, rangi ya kutu. Hayakuwasha. Wifi yangu, ambaye tunalima pamoja, alisema ni maji ya mananasi, nami nikaona ni kweli, mikono yetu haiishi michubuko. Lakini nyayoni mananasi yamefika vipi? Hilo sikujiuliza. Nikapata homa za jioni, koo likakwaruza, mitoki ikavimba kinenani, nywele zikawa zinatoka mafungu nikichana. Dukani nikapewa vidonge vya mzio. Baada ya muda yote yakaondoka, nikajua nimepona.

Kisha nikashika mimba. Tulifurahi sana. Salumu tangu kabla ya hapo alikuwa akifanya kazi mashamba ya miwa, Makurunge, akirudi mwisho wa wiki, kwa hiyo kliniki ya kwanza nilikwenda peke yangu. Wakanichoma kidole, wakapima damu. Nesi, mama mtu mzima, akafunga mlango, akaniuliza kama niliwahi kupata kidonda sehemu za siri kisichouma. Nikamwambia hapana. Akauliza tena, taratibu, kama niliwahi kupata madoa viganjani yasiyowasha.

Nikaitazama mikono yangu. Machozi yakanitoka.

"Una kaswende, mwanangu," akasema. "Madoa yaliondoka, ugonjwa haukuondoka. Umo kwenye damu."

"Na huyu wa tumboni?"

"Unaweza kumfikia, hata mimba ikaharibika. Lakini umewahi. Tutakuchoma sindano, na mumeo naye aje."

Sindano ya kwanza nilichomwa siku ile ile, kwenye tako. Inauma, sitawadanganya. Nilirudi nyumbani nachechemea.

Salumu aliporudi Ijumaa nilimweleza yote tukiwa peke yetu. Nilidhani atanigeuzia kibao. Aliinamisha kichwa.

"Mimi ndiye niliyekuletea," akasema. "Nilitokwa na kidonda kabla yako. Nilikosea huko nilikokuwa, nikaona aibu kukwambia. Nisamehe, Mama Zuhura."

Siku ile sikumsamehe. Nilimwambia msamaha tutauzungumza baadaye, kwanza damu yake ipimwe. Jumatatu tulikwenda wote. Naye akachomwa. Tulirudi wiki ya pili na ya tatu, hatukukosa hata moja, na tukaambiwa tusikutane kimwili hadi nesi aturuhusu. Tulivumilia. Msamaha ulikuja polepole, hasa siku niliyomwona amekaa foleni ya kliniki kati ya wanawake, ameshika kadi yangu, hajifichi.

Nilijifungua mtoto wa kike. Daktari alimkagua kichwa mpaka vidole, akampima, akasema yuko salama. Tukamwita Rahma. Sasa anatambaa, hashikiki. Alhamdulillah. Namshukuru Mungu, namshukuru na yule nesi aliyeuliza mara ya pili baada ya mimi kusema uongo.

Ndugu zangu, kidonda sehemu za siri, hata kisipouma, kipelekeni kwenye kipimo. Madoa ya viganja na nyayo msiyaachie dawa za dukani. Yakipotea yenyewe bado mkapime, na mwende wawili, maana akitibiwa mmoja mtaambukizana tena. Mjamzito asingoje tumbo likue ndipo aende kliniki.

Mwezi uliopita mwanamke tunayelima naye alinivuta pembeni ya matuta. Akaninong'oneza kwamba ana kidonda, ila hakimuumi, pengine akiache tu. Sikumuuliza kakipata wapi. Niliweka jembe chini, nikamwambia ajitande kanga, tukaondoka wote kwenda zahanati asubuhi ile ile.