Mwavuli wa mkwe, mlango wa tatu

Saa moja asubuhi. Mvua imekatika, lakini Mama Sabuni hatulii. Anapiga deki sakafu aliyokwisha kuipiga deki, anachungulia nje stendi, anarudi, anautupia jicho mwavuli mwekundu uliotundikwa juu ya kiti chake, kisha anashika tena tambara.

Yeye ndiye msimamizi wa choo cha kulipia cha wanawake. Milango mitatu, sinki moja, mwaka wa tisa. Jina walimpa makondakta, kwa sababu hakuna anayempita na mikono mikavu.

"Humu kuna sheria, hata kama hazijaandikwa ukutani," anasema. "Mtu akiingia mbio, usimsalimie. Atakujibu nini, naye ana yake? Mwache anawe, afunge bomba, ndiyo mjuliane hali."

Sheria kubwa ni ya mlango wa tatu. Komeo lilivunjika, na fundi anakuja kesho tangu mwaka jana. Kwa hiyo komeo ni kikohozi: wa nje anabisha, wa ndani anakohoa.

Juzi aliingia mama mmoja kwa haraka, mwavuli mkononi, uso umekunjamana. Hawajawahi kuonana, ila Mama Sabuni alimtambua palepale, maana binti yake alishamwonyesha picha kwenye simu. Ndiye mama wa kijana anayemchumbia binti huyo, na Jumamosi hii anakuja na ndugu zake kujitambulisha.

Akisalimia, amevunja sheria. Akinyamaza, ana dharau. Akainamia ndoo. Mgeni naye akamtazama mara mbili, akashtuka kama aliyekwisha kuonyeshwa picha vilevile, akajitosa mlango wa tatu.

Punde akaja muuza karanga, akabisha. Kimya. Akabisha tena. Kimya.

"Nikajua ananionea haya," anasimulia Mama Sabuni. "Mkwe akohoe chooni, mimi nasikia? Hata mimi nisingethubutu. Na huyu wa karanga keshashika mlango. Basi nikakohoa mimi."

Muuza karanga akamgeukia. "Mama, wewe si uko hapa? Unakohoa nini?"

"Nakohoa kwa niaba."

Mle ndani kikasikika kicheko kidogo, kikazimwa upesi. Kisha mgeni akatoka, akanawa kama anayefua mashuka, akaondoka ameinamisha kichwa, bomba likichuruzika. Na bomba lisipofungwa, salamu hakuna. Mwavuli ukabaki nyuma ya mlango.

Tangu hapo usingizi wa Mama Sabuni ni wa mang'amung'amu. Akiutoa mwavuli mbele ya ndugu, wataulizana umeokotwa wapi. Akiuficha, ameanza ukwe kwa wizi. Binti anamwambia autupe yaishe.

"Yeye anaona rahisi. Asipotokea huyo mama Jumamosi, nani atakuwa amemfukuza? Si mimi na kikohozi changu? Nitamtazamaje mwanangu?"

Jana alimwomba jirani nyundo, akapigilia msumari nyumbani, kando ya mlango wa sebuleni, pale wageni wanapovulia viatu. Anasema mwavuli atautundika hapo alfajiri ya Jumamosi, na hatatamka neno. Mwenyewe akitoka, achukue kilicho chake.

Na akipita bila kuuona?

Mama Sabuni anakamua tambara lisilo na maji. Anachungulia nje. Anarudi.

"Nitakohoa," anasema.