Daktari Aliyeacha Kusindikiza Wagonjwa

Kwa muda mrefu kliniki ya daktari Victorine Ngoy, pale Saint-Gilles mjini Brussels, iliendeshwa kama nyumba ya shangazi. Mtu alikuja alipotaka, akawaamkia wote aliowakuta, akauliza habari za Lubumbashi na za Likasi kule Kongo, na zamu yake ilipofika alikuwa ameshasahau nusu ya kilichomleta. Viti havikutosha. Watu walikaa hadi kwenye ngazi za jengo, na mpangaji wa ghorofa ya juu, bibi mmoja wa Kibelgiji mwenye mbwa mdogo, alikuwa akiwapitia katikati huku akiomba samahani nyumbani kwake mwenyewe.

Victorine hakuwa mvivu, mtu asije akamsingizia. Alizaliwa Likasi, akasomea udaktari hukuhuku Brussels, na kazi yake aliijua barabara. Ila kuendesha kliniki hakufundishwa na mtu. Chuoni walimfundisha ini na figo. Hawakumwambia nani atapokea simu wakati yeye ameshika tumbo la mgonjwa, wala afanye nini mtu anapoleta na binamu yake aangaliwe "dakika moja tu". Alikuwa akirudi nyumbani amechoka hoi, chakula kimepoa na mume amenuna, na asubuhi mambo ni yaleyale.

Ndipo akaja Pieter-Jan, daktari kijana, Mbelgiji wa Kiflamandi, kufanya naye kazi. Pieter-Jan alikuwa amehudhuria mafunzo ya uendeshaji wa kliniki, na aliyasikiliza vizuri, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi. Akamleta Joke, karani mpole mwenye msimamo. Wagonjwa wakaanza kuja kwa miadi. Simu zikatengewa saa yake asubuhi. Dawa za kila mwezi zikawa zinaombwa mapema, mtu haji kungojea bure. Mwisho wa yote, fundi akafunga kitufe chini ya meza ya kila daktari. Mgonjwa akimaliza, daktari anabonyeza, na mlango wa barabarani, kule mwisho wa korido, unajifungua.

"Unamfuata kila mgonjwa hadi nje," Pieter-Jan alimwambia, "na siku nzima inaishia kwenye korido."

Victorine alicheka, kisha akapiga hesabu, akaona kijana amesema kweli. Na mpango ule ulifanya kazi, tusiupake matope. Ngazi za jengo zikawa tupu. Bibi wa mbwa akaleta keki. Victorine akala chakula cha jioni kikiwa cha moto, na mumewe akakosa la kununia.

Lakini hapo kwenye mlango ndipo Victorine alipokosea. Kosa lenyewe Pieter-Jan asingeweza kuliona, ila yeye Victorine alipaswa kulijua tangu utotoni. Kwa watu wa kwao mgeni hatoki peke yake. Anasindikizwa. Na neno zito halisemwi watu wakiwa wamekaa wanatazamana. Mgeni atazungumzia baridi, bei ya mihogo na harusi ya jirani mpaka chai iishe, kisha wakiwa njiani, bega kwa bega, kila mmoja anatazama mbele, ndipo atasema kilichomtoa kwake. Victorine aliwasindikiza wagonjwa wake miaka yote hiyo bila kufikiri kwamba ni sehemu ya tiba. Alidhani ni adabu tu. Na muda ukibana, adabu ndiyo inayopunguzwa kwanza.

Miongoni mwa wagonjwa hao alikuwamo Papa Donatien, fundi mstaafu wa magari, mtu wa suti na kofia hata siku ya kwenda kununua mkate. Aliishi na mkewe, Maman Kelly, juu ya duka la vitenge katika mtaa wa Chaussée de Wavre. Alikuwa akija kupimwa presha. Akiwa kwenye kiti jibu lake lilikuwa moja: "Niko muzuri, docteur. Mungu anasaidia." Ukweli aliutoa kwenye korido. Ni huko Victorine alikopata habari kwamba mzee halali usiku, kwamba aliwahi kuanguka ngazini akaficha, na kwamba zile dawa za kwanza za presha alizitupa kwa sababu zilimharibia mambo ya chumbani. Hili la mwisho alilisema akiwa ameshika kitasa, uso kaupa mlango.

Baada ya kitufe, Papa Donatien aliendelea kuja kwa miadi, tena kwa saa yake kamili. Niko muzuri, docteur. Presha nzuri. Asante, papa. Mlango unalia, unafunguka, na Joke anamwita mwingine.

Mwanzoni mwa kiangazi Maman Kelly akaja bila miadi. Joke alimweleza kwa upole kwamba nafasi haipo mpaka Alhamisi. Maman Kelly akashukuru, akaketi, akaweka mkoba mapajani. Hakugomba na mtu. Alikaa tu, na aliyemfahamu alijua kwamba hataondoka. Victorine akamwingiza kati ya wagonjwa wawili.

"Docteur, papa anakojoa damu," akasema kabla ya kukaa. "Tangu ile baridi. Minaona mu choo, minamuuliza, ananiambia ni betterave, ile mboga nyekundu alikula. Alors, mi njo minapika ku ile nyumba. Betterave sijapika."

"Lakini alikuja hapa, maman. Aliniambia yuko muzuri."

"Njo vile anasemaka pa kiti," alisema Maman Kelly, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto jambo ambalo kila mtu analijua.

Siku hiyo kazi ilipokwisha Victorine hakwenda nyumbani. Alipanda basi hadi Chaussée de Wavre. Papa Donatien alimpokea kwa heshima zote, akamkalisha kwenye kiti kizuri, na Maman Kelly akaleta chai. Walizungumza habari za mtoto wao Kelly aliyehamia Liège, wakazungumzia mafundi wa siku hizi wasiojua kusikiliza injini. Victorine alipojaribu kuuliza, mzee alitabasamu. "Maman anapenda kuhangaika, docteur. Niko muzuri."

Hakumbana. Alimaliza chai yake, akasimama, akaaga.

"Nakusindikiza," alisema Papa Donatien, na mkono wake ukawa umeshafika kwenye kofia.

Waliteremka ngazi polepole, wakapita mbele ya vitenge vilivyotundikwa, wakapita kwa wasusi na duka la kutuma pesa. Mzee aliwasalimia wawili watatu. Kituo cha basi kilipoonekana, akapunguza mwendo.

"Docteur, kuko ka kintu."

Victorine akatazama mbele, hakugeuza kichwa. Ndipo Papa Donatien akasema yote. Damu ilianza kidogo, ikapotea, akamshukuru Mungu. Ikarudi na mabonge. Haimuumi. Ingemuuma, alisema, labda angekuwa na nguvu ya kuitaja.

"Ilianza lini, papa?"

"Mbele ya Pâques."

Tangu kabla ya Pasaka mzee alikuwa ameshaketi mbele ya Victorine zaidi ya mara moja, amevaa suti, presha nzuri.

"Kwa nini haukuniambia?"

"Nilikuya kukuambia," alisema Papa Donatien. "Nilifika mu korido, nikakungojea. Mulango ikajifungua. Bon, nikasema, docteur iko na kazi mingi."

Hakusema kwa lawama, na hilo ndilo lililomchoma Victorine. Aliona aibu, pale barabarani, watu wakipita na mifuko yao ya mboga. Basi lilikuja, likaondoka bila yeye. Akatoa simu na kumtafuta daktari wa kibofu aliyesoma naye.

Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshaingia kwenye nyama ya kibofu. Waliondoa kibofu chote. Mpasuaji alimweleza Victorine kwamba kama ingeonekana mapema, huenda kuukwangua uvimbe tu kungetosha. Hakuwa anamlaumu, alikuwa akitoa taarifa kama madaktari wanavyopeana.

Kliniki haikurudi kuwa nyumba ya shangazi. Miadi ilibaki, na saa ya simu ilibaki, kwa sababu ni vitu vizuri. Ila Victorine alimwomba Joke aongeze muda kidogo kwa kila mgonjwa, na ule muda ni wa kutembea. Kitufe kikabaki cha kuwafungulia wanaoingia. Pieter-Jan alikubali kwa adabu, bila kuamini, mpaka siku mgonjwa wake mmoja, padri Freddy, mmisionari mstaafu, alipomwambia kwenye korido huku akitafuta mkono wa koti lake kwamba vidonge vya moyo ameacha kuvimeza tangu dada yake afariki. Siku hizi Pieter-Jan anawaeleza madaktari wenzake habari za korido kama vile amezigundua mwenyewe. Victorine anamwacha.

Papa Donatien alipopata nguvu ya kutoka, alikuja kliniki na fimbo, amekonda, kofia imemwia kubwa. Victorine alikuwa ameshaamua kwamba ukweli ni haki yake. Akamwambia vile mpasuaji alivyosema. Akamwambia pia kwamba kile kitufe cha mlango ni yeye aliyekubali kifungwe, na kwamba anamwomba msamaha.

Mzee aliweka mikono miwili juu ya fimbo.

"Basi tulikosa bote mbili," akasema. "Mi pia ningeweza kusema ile wakati niko pa kiti. Kinywa ni yangu."

"Ungeweza, papa?"

Papa Donatien alilifikiria swali lile kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa mahakamani.

"Apana," akasema. "Singeweza."