Udongo wa Mtoto

Mimba hii ilinitia hamu ya udongo wa kichuguu, lakini kwa aibu sikumwambia mtu. Mume wangu ni mpishi wa Mzungu mwenye shamba la kahawa hapa Mbozi. Wiki mbili zilizopita alirudi na paka mdogo wa kutukamatia panya, kisha akaweka karai la udongo nyuma ya mlango.

"Udongo wa mtoto," akasema.

Nikashangaa, kajuaje? Nikawa nadokoa. Yeye akawa anaongeza huku akinung'unika, "Mbona unapungua?" Nikazidi kuchanganyikiwa, si kaniletea mwenyewe?

Jana mama mkwe alikuja. Nikamsikia mume wangu akijisifu: "Mama, huyu mtoto wa paka nimemfundisha kama wa Wazungu. Haja zake zote anamalizia kwenye karai."

Akavuta mlango amwonyeshe. Nilikuwa nimechuchumaa pale, mdomo umejaa.