Taa za Sendofu ya Binti Yangu

Asubuhi ya sendofu ya binti yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, nilifika ukumbini kabla ya wapambaji. Ulikuwa mwezi wa Julai, baridi ile ya Arusha inayoingia mpaka kwenye mifupa, na mlima ulikuwa umejifunika mawingu tangu juzi yake. Nilifunga mapazia yote ili nipate giza, nikawasha mashine ya taa, nikakaa nyuma yake kama nilivyokaa miaka mingi kwenye harusi za watoto wa watu wengine.

Kazi yangu ni hiyo. Nilipomaliza kidato cha nne nilijifunza umeme wa majumbani, baadaye nikaingia kwenye taa za jukwaa na sikutoka tena. Mgeni akiingia ukumbini anamwona mshereheshaji, anamwona mpiga muziki, hata mpishi anamwona. Mtu wa taa hakuna anayemtazama, na mimi nilipapenda hapo. Mke wangu alipofariki, tukamzika kwao Akheri, nikapapenda zaidi. Nyumbani Lemara nilikuwa nakaa na redio. Kazini nilikaa gizani katikati ya mamia ya watu, na hakuna aliyetaka niseme neno.

Siku hiyo nilikusudia kumtengenezea binti yangu kitu ambacho sikuwahi kumtengenezea mtu. Nilipanga taa ndogo sakafuni, pande mbili za zulia jekundu, kuanzia mlangoni mpaka jukwaani. Nilitaka zikimbizane taratibu: jozi ya kwanza iwake, ianze kufifia wakati ya pili inapanda, ya pili ifuatiwe na ya tatu, hivyo hivyo hadi mbele, mwanga uende naye kama maji ya mfereji yanavyoshuka shambani. Kwenye mashine unaandika hatua moja moja. Unachagua taa, unazipa rangi na nguvu, unahifadhi. Unachagua zinazofuata, unahifadhi. Halafu unaiambia mashine isubiri muda gani kwenye kila hatua na ihame kwa muda gani. Muda ndio kazi yenyewe. Ukiufupisha, taa zinaruka kama za disko. Ukiurefusha, mtu anauacha mwanga nyuma yake.

Kwetu siku ya sendofu baba na mama humwingiza binti yao ukumbini, mmoja kashika mkono huu na mwingine ule, na wageni husimama. Kwa kuwa mama yake hakuwepo, mama yake mdogo angeshika mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wangu. Kwa hiyo mwendo niliouhitaji kwenye mashine ulikuwa mwendo wangu mwenyewe, wa mzee mwenye goti bovu. Nilitembea juu ya zulia peke yangu, kiwiko nimekikunja kana kwamba kuna mtu amekishika, nikarudi kwenye mashine kurekebisha, nikaenda kutembea tena.

"Shikamoo baba. Unatembea na nani?"

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani, nywele zimejaa rola.

"Marahaba, mama. Natembea na wewe."

"Mimi nipo hapa. Huyo uliyemshika mbona mwembamba hivyo?"

Akaja akanishika mkono. Tukaenda pamoja hadi jukwaani, taa zikiwaka mbele ya miguu yetu na kuzimika nyuma. Katikati ya zulia akanibana kidogo nipunguze, nikapunguza. Tulipofika akasema, "Huu ndio mwendo. Usiuguse tena." Nilirudi kwenye mashine nikauhifadhi.

"Sasa jioni nani atabonyeza?" akauliza.

"Nitabonyeza mimi, dada," alidakia mpiga muziki, aliyekuwa anaunganisha spika zake kando yangu. "Ni kitufe kimoja tu. Mzee kanielekeza tangu asubuhi kama mtoto anayetumwa dukani kwa mara ya kwanza."

"Mvumilie. Mimi amenielekeza kuwasha jiko miaka ishirini."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka. Kisha akaniinamia. "Baba, jioni usikae na mashine."

"Sikai."

"Sema kweli."

"Nimeshasema, mama."

Jioni nilivaa suti. Ukumbi ulijaa: ndugu wa Akheri, majirani wa Lemara, watu wa kanisani, ndugu wa kijana anayemwoa binti yangu, upande wao, na vitambaa vyao vya rangi moja. Nilisalimiana na watu hadi mkono ukachoka. Kila mmoja alinipa pole na hongera kwa pumzi moja, pole ya mama, hongera ya binti, na mimi sikujua uso wangu ukae vipi. Muda wa kumwingiza binti ulipokaribia, umeme ukakatika. Jenereta ikaunguruma nje, taa zikarudi, na mashine ikarudi na kila kitu nilichoiandikia. Hakuna kilichopotea. Hata hivyo niliona nipite nyuma kuangalia kidogo tu.

Nilipokaa kwenye kile kiti, mabega yangu yakashuka.

"Mzee, nenda. Wanakusubiri," mpiga muziki akasema.

"Dakika moja."

Ikapita dakika na zaidi. Mdogo wangu wa kiume akaja akipenya katikati ya meza, jasho linamtoka.

"Kaka, binti yupo mlangoni. Unafanya nini huku?"

"Jenereta inayumba. Nikiondoka hapa tutaaibika. Mshike wewe mkono, nitawakuta jukwaani."

"Mimi? Kaka, hii siyo zamu ya kumwagilia shamba kwamba mtu anapokezwa!"

"Nenda bwana. Muziki umeanza."

Jenereta haikuwa inayumba. Iliunguruma vizuri usiku kucha, na kama ingeyumba hakuna ambacho ningeifanyia kutoka pale nilipokaa. Kilichonishinda ni lile zulia. Niliona nyuso zote zimegeukia mlangoni, nikajiona nikipita mbele yao bila mke wangu, goti likivuta, na nikaogopa. Nilimdanganya mdogo wangu, nikamdanganya na binti yangu kupitia kwake.

Mlango ukafunguliwa. Mdogo wangu anafanya biashara ya ng'ombe mnadani Ngaramtoni na tangu ujana wake hatembei, anawahi. Hawakufika mbali kabla hawajauacha mwanga nyuma. Binti yangu akawa anatembea kwenye giza, na taa nzuri nilizompangia zinawaka mahali alipokwisha kupita. Nikamsogeza mpiga muziki. Kuna kitufe ambacho ukikigonga kwa mpigo, mashine inaufuata mpigo wako. Nikavitazama viatu vya mdogo wangu, nikawa nagonga kila anapokanyaga, na mwanga ukaongeza kasi, ukawafikia, ukawashika miguuni. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Hata watu wa upande wa kijana walisimama juu ya viti wakirekodi kwa simu.

Nilifurahi. Hilo ndilo ninaloona gumu kuliandika. Wakati binti yangu anaingizwa ukumbini bila mimi, nilikuwa na furaha ya fundi aliyeokoa kazi yake.

Walipofika jukwaani nikanyanyua macho kutoka kwenye viatu. Kushoto kwake mama mdogo, kulia kwake baba mdogo. Kwenye meza iliyokuwa karibu yangu mama mmoja wa upande wa kijana alimwinamia mwenzake.

"Kumbe maskini hana wazazi wote wawili?"

"Ndivyo inavyoonekana."

Nilisikia. Sikugeuka.

Jukwaani sikwenda pia. Ulipofika wakati wa binti kulisha wazazi keki, alishuka na kisahani akasimama mbele ya kiti kitupu. Mshereheshaji alijaribu kuokoa jahazi. "Baba mzazi kajificha! Anaogopa tusimwone akilia!" Watu wakacheka. Binti yangu akapita katikati ya meza zote, gauni amelikusanya kwa mkono mmoja, mpiga video nyuma yake, hadi kwenye mashine. Ile taa ya kamera ikanipiga usoni. Akanilisha kipande cha keki kwa uma.

"Kula, baba."

Nilimeza. Yapo mengi ambayo baba angeweza kumwambia binti yake pale. Mimi nilisema, "Umeona taa zilivyokwenda?"

"Nimeziona," akajibu. Akanifuta krimu kidevuni kwa kidole chake, akarudi mbele.

Ndoa ilikuwa wiki iliyofuata, katika kanisa la kwao kijana, upande wa Usa, nje kidogo ya Arusha. Katikati ya wiki alikuja nyumbani, akanipikia, akafua na mapazia. Alipomaliza akakaa.

"Baba, kanisani baba mdogo ndiye ataniingiza."

"Kwa sababu ya ile siku?"

"Si kwa hasira, baba. Nakujua. Watu wakikutazama unateseka. Sitaki uteseke kwa ajili yangu."

Nilitaka kumwambia aniache niteseke, kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu na niliikimbia. Nikasema, "Sawa, mama," akanyanyuka kwenda kuanua nguo.

Jumamosi ile kulikuwa na jua. Kanisa lina madirisha makubwa, na hakukuwa na taa ya kuwasha wala mashine ya kujificha nyuma yake. Nilikaa benchi la mbele, mikono juu ya mapaja. Kwaya ilipoanza, watu wakasimama na nikasimama nao. Wakaja. Mdogo wangu safari hii alikuwa anatembea taratibu, nadhani alikuwa amefundishwa. Walipofika usawa wa benchi langu akasimama, akaulegeza mkono wake, akanipa ishara kwa kichwa: njoo, chukua nafasi yako.

Niliweka mkono kwenye benchi, nikatoa mguu mmoja nje. Binti yangu akanitazama kupitia shela. Alitabasamu, akatikisa kichwa kidogo, kwa upole, jinsi tunavyomwambia mzee asisumbuke kunyanyuka tunapomsalimia. Akaurudisha mkono wake kwenye mkono wa baba yake mdogo.

Nikarudisha mguu ndani. Wakaendelea mbele, na mimi nikawatazama kwa nyuma.